Selimundu: Ugumu wa chembe ya damu unapimwaje?

Mnunuzi wa mahindi haangalii rangi tu. Anatia punje mdomoni, anaing'ata. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado mbichi. Wakulima wa Mlali, wilayani Kongwa, wanalijua hilo vizuri.

Wanasayansi nao hupima ugumu wa chembe hai za mwili. Shida ni udogo wake: chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita.

Kifaa kinachopapasa

Kinaitwa hadubini ya nguvu ya atomu, kilibuniwa mwaka 1986. Kina kijiti chembamba chenye ncha ndogo mno. Ncha inashushwa taratibu hadi ibonyeze chembe iliyo ndani ya kimiminika. Leza inamulika mgongo wa kijiti. Kikipinda hata kidogo, mwanga unaorudi unahama. Kompyuta inalinganisha nguvu iliyotumika na kina cha kubonyea. Nguvu kidogo, kubonyea sana: chembe ni laini.

Kwa nini ni muhimu?

Chembe yenye afya hujikunja ikapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwa mgonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoita, himoglobini ikiachia oksijeni hunatana kama nyuzi. Chembe inakakamaa, inakwama, na mtoto anapata maumivu makali. Takribani watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walitumia hadubini hii. Walikuta kuwa hata chembe za mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, ni ngumu kuliko za kawaida.

Je, mgonjwa anahitaji kipimo hiki?

Hapana. Hiki ni cha maabara za utafiti, na kinasaidia kuona kama dawa inalainisha chembe. Kujua kama una kinasaba, kipimo cha damu hospitalini kinatosha. Ni muhimu kupima mapema: wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Kwa wakazi wa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023.