Je, Barabara ya Udongo Hunywa Maji?

Ukiulizwa ni barabara ipi hupitisha maji ardhini, ya lami au ya udongo, bila shaka utajibu upesi: ya udongo! Hata mimi nilijibu vivyo hivyo, nikakosea.

Karibu na kwetu palijengwa nyumba kubwa. Malori ya mawe na mchanga yalijitengenezea njia palipokuwa na nyasi. Masika yalipoanza, maji mekundu yaliteremka kwa njia hiyo yakasomba sukuma wiki yote ya mama. Nikashangaa, mbona hapana lami hapo? Basi nikamwaga mkebe wa maji njiani, na mwingine shambani, hatua chache tu kando. Ya shambani yalinywewa papo hapo. Ya njiani, lo! yalikimbia mpaka mtaroni.

Kumbe kisa ni uzito. Udongo una vitundu vidogo vidogo vya kupitisha maji na hewa. Magurudumu huvibana hadi vikazibika.

Wataalamu wa majengo yanayotunza mazingira wanalijua hilo. Katika kanuni za LEED, zilizoanzishwa Marekani na zinazofuatwa katika nchi nyingi, ardhi iliyoshindiliwa huhesabiwa pamoja na mapaa na lami: zote ni sehemu zisizopitisha maji. Kwa hivyo mwenye kiwanja hawezi kuacha njia bila lami kisha ajigambe eti amehifadhi ardhi. Toleo la mwaka 2009 lilimtaka anayetafuta alama za kuhifadhi kiwanja ambacho hakijawahi kujengwa asivuruge ardhi zaidi ya meta 12 hivi kutoka kwa jengo, na meta 4.5 hivi kutoka ukingo wa barabara kuu. Maana yake ni kwamba malori yapewe njia moja, siyo kila dereva ajikatie yake. Tena kabla ya kazi kuanza ni lazima pawe na mpango wa kuzuia mmomonyoko na vumbi.

Maji yenyewe si adui. Huko Kitui na Makueni wako wakulima wanaoyachepusha kutoka barabarani hadi mashambani. Mama naye alichimba mtaro, yakaenda kwenye migomba, nayo imenawiri kweli kweli.

Lakini njia ile hakuna aliyeilima ili udongo ulegee. Nyumba imekwisha, malori yamekwenda zao, na mpaka leo hapaoti hata unyasi mmoja.