Mwangwi na Mvumo

Maneno haya mawili yanakaribiana, na mfasiri mwenye haraka aweza kuyachanganya. Twaona yafaa yatenganishwe. Mwangwi ni sauti iliyogonga kizuizi ikarudi kwa msikilizaji. Mvumo ni sauti nzito iendeleayo, kama ya ngoma au mawimbi. Apigaye ukelele mbele ya majabali ya Mwanza husikia mwangwi dhahiri iwapo jabali li umbali wa mita 17 hivi au zaidi. Likiwa karibu zaidi, sauti ya kwanza na ya pili huungana.

Tofauti hii si pambo. Watafiti wa samaki katika Ziwa Viktoria hukadiria wingi wa sangara na dagaa kwa chombo kipelekacho sauti majini na kupokea mwangwi wake. Majini sauti huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mwangwi wa chini ya ziwa ukirudi baada ya sekunde 0.04, sauti imesafiri mita 60, kwenda na kurudi. Kina ni mita 30 tu. Neno "mvumo" huificha safari ya kurudi, na nahodha aweza kudhani kina ni maradufu. Hivyo twapendekeza chombo kipimacho kina kwa njia hii kiitwe "kipimakina cha mwangwi", na wingi wa mwangwi uandikwe "miangwi".