Kuhama Kampala: Pango Si Hesabu Yote

Sensa ya 2014 iliikuta Kampala na watu milioni 1.5 hivi, ya 2024 haikuifikisha hata milioni 1.9. Katika miaka hiyohiyo kumi, wilaya ya Wakiso inayoizunguka imeruka kutoka karibu milioni 2 hadi zaidi ya milioni 3.4. Jiji linafurikia pembezoni: familia inapata chumba cha nafuu Nansana au Kira, kisha fedha iliyookolewa kwenye pango inaishia mkononi mwa kondakta.

Je, ikihamia Mbarara kabisa, upande wa magharibi, kilomita 270 hivi kutoka hapo?

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, daraja la tatu. Mshahara wake ni shilingi 499,684, Kampala na Mbarara sawa. Kodi ya mapato inakata 51,905, anabaki na 447,779. Namba zinazofuata ni za mfano, msomaji aweke zake. Nansana analipa pango 200,000. Kila siku anapanda teksi mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja 2,000. Kwa siku 22 za kazi ni 176,000. Chakula, ada na dawa vinagombania 71,779.

Mbarara apate nyumba ya 120,000, na boda ya 2,000 kwa siku, yaani 44,000. Ameokoa 212,000 kwa mwezi. Ila tazama zimetoka wapi: pango limepungua 80,000 tu, nauli imepungua 132,000. Wanaohama huulizana bei za nyumba, kumbe kinachowakausha ni barabara.

Umeme haumpunguzii kitu. Tangu Aprili 2025, shirika la serikali la UEDCL, lililochukua nafasi ya kampuni ya Umeme, linatoza bei ileile katika miji yote miwili, na Shirika la Taifa la Maji nalo lina bei moja. Matoke, ndiyo, yatamshukia bei, kwa kuwa Kampala huyapata kutoka hukohuko magharibi.

Sasa gharama ya kuhama yenyewe: lori 900,000, pango la miezi mitatu 360,000, sare na uandikishaji wa watoto 500,000. Jumla 1,760,000, inayorudi baada ya miezi minane na siku kadhaa. Lakini Kampala haiachi watu hivihivi. Kuna misiba, kuna arusi, na Taasisi ya Saratani na ile ya Moyo ziko Mulago. Safari moja kwa mwezi, nauli ya basi 60,000 kwenda na kurudi, inashusha akiba hadi 152,000, na gharama ya kuhama inarudi baada ya karibu mwaka mzima.

Hadi hapo kuhama kunalipa. Kinachoivunja hesabu ni mwenza. Kama mke wa mwalimu huyu anauza nguo katika soko la Owino, Kampala, na kuleta nyumbani 250,000 kwa mwezi, akiba yote ya 212,000 imemezwa, na familia inapungukiwa 38,000 kila mwezi hata kabla ya mtu kupanda basi. Mbarara ilikuwa na watu 195,000 hivi kwenye sensa ya 2014. Hata baada ya kupewa hadhi ya jiji mwaka 2020 na kuongezewa eneo, wateja wake si wale wa Owino. Meza mpya ya nguo huchukua muda kuzoeleka.

Mwalimu naye hahami kwa kutaka tu. Walimu wa msingi huajiriwa na serikali za mitaa, hivyo lazima apate nafasi kule kwanza.

Ukiwa na mshahara unaokufuata, na mwenza ambaye kazi yake inahamishika, hama. Ikiwa kipato cha pili kimefungwa na wateja wa Kampala, usikodi lori hadi mwenza wako apate kazi kule. Mmoja atangulie, watoto wamalize muhula.