“Cheza, Adamu!”: Riwaya za majaribio katika masikio ya Rumonge

Riwaya ya majaribio ya Kiswahili hupenda kuficha mambo ndani ya majina. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliifungulia njia kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya akaja na Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004).

Mafumbo mengine hayana taabu. Mzingile ni nusu ya “mzingile mwambiji”, yaani njia za kupotezana, na anayeujua usemi huo hashangai kisa kikimzungusha. Musaleo humvuta Musa wa vitabuni hadi leo. P.P. wa Bina-Adamu! hudai msomaji awe amesoma kwingine: ni Peter Pan, mtoto asiyekua wa tamthilia ya J. M. Barrie ya 1904, ambaye Wamitila amemfanya bwana wa utandawazi.

Taabu huanza sikio la msomaji linapoongeza la kwake. Rumonge, mji wa ufukweni mwa ziwa kusini mwa Bujumbura, Kiswahili kilienea na misafara ya biashara ya karne ya 19, na hadi leo hakikai peke yake. Wavuvi wa ndagala na wauza mawese hukitia Kirundi na Kifaransa, na ng’ambo ya ziwa iko Kongo na muziki wake wa Kilingala. Hapo Nagona husikika kama “ingona”, mamba kwa Kirundi, mnyama ambaye watu wa ufukweni hawahitaji kuelezwa. “Bina” nayo, kwa Kilingala, ni amri: cheza!

Mamba hafiki mbali. Nagona ni kisa cha kuusaka ukweli, na hapo ni sauti tu zilizofanana. Dansi ni ngumu zaidi kuitupa. “Binadamu” limepasuliwa kwa kistari, likaongezwa a isiyokuwapo, kisha likafungwa kwa alama ya mshangao inayolipa mlio wa amri. “Cheza, Adamu!” Na mhusika, kwa kweli, huchezeshwa dunia nzima na P.P. asiyeonekana.

Lakini kuafiki si ushahidi. P.P. hurudi tena na tena kitabuni na kukiendesha kisa, kwa hiyo ni fumbo la mwandishi. Lakini jina Bina-Adamu! linajieleza kwa Kiswahili kitupu, mtu aliyevunjwa vipande viwili. Dansi ni ya msomaji wa Rumonge, naye ana haki nayo mradi asimsingizie Wamitila.