Skrini ya Kompyuta Ikisumbua, Nakala Rudufu Itangulie Matengenezo

Na Mwandishi Wetu

Ofisi za kata na vijiji, shule, zahanati, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wengi nchini hivi sasa huweka kumbukumbu zao katika kompyuta. Taarifa zilizomo katika mifumo mikuu ya Serikali huhifadhiwa kwenye seva, hivyo kuharibika kwa kompyuta moja hakuzifuti. Zipo hata hivyo nyaraka ambazo makazi yake ni kompyuta ileile iliyo mezani: mihtasari ya vikao, orodha za wanachama, alama za majaribio ya darasani, hesabu za mauzo na picha za familia. Nyaraka hizo zikipotea, mara nyingi hakuna mahali pengine pa kuzipata.

Upotevu huo hauhitaji moto wala wizi. Unaweza kuanza na hitilafu ndogo ya skrini: ikoni zimetoweka, rangi zimebadilika, picha inamemeteka, au skrini imekuwa nyeusi huku feni ikiendelea kusikika. Mtumiaji akiingiwa na hofu, au fundi akiwa na haraka, uamuzi unaofuata huwa ni kufuta diski na kusimika upya mfumo endeshi. Skrini inarudi kuwa safi, lakini nyaraka zimekwenda pamoja na mfumo wa zamani. Makala hii inaeleza namna ya kutambua chanzo cha hitilafu za skrini, marekebisho ambayo mwananchi anaweza kuyafanya bila kugusa nyaraka zake, na namna ya kutunza nakala ya mfumo mzima kabla ya kuruhusu matengenezo makubwa.

Kutambua chanzo cha hitilafu

Picha inayoonekana kwenye skrini hupita katika hatua kadhaa. Programu huagiza kitu kichorwe, draiva, ambayo ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kadi ya picha, hupokea agizo hilo, kadi ya picha huchora, kebo husafirisha, na skrini huonesha. Kasoro katika hatua yoyote kati ya hizo huonekana mahali pamoja tu, yaani kwenye skrini. Ndiyo maana skrini hulaumiwa hata kwa kosa lisilo lake. Vipo vipimo vitatu rahisi vinavyosaidia kujua kasoro iko wapi, na hakuna kati ya hivyo kinachohitaji kifaa cha fundi.

Kipimo cha kwanza ni kubonyeza vitufe vilivyo kwenye skrini yenyewe ili ifungue orodha yake ya mwanga na rangi. Orodha hiyo hutengenezwa na skrini, si kompyuta. Ikionekana safi ilhali picha nyingine imeharibika, inaelekea kuwa skrini ni nzima na tatizo liko kwenye kebo au kwenye kompyuta.

Kipimo cha pili ni kuizima kompyuta na kuiwasha huku ukitazama sekunde za mwanzo. Nembo ya mtengenezaji hutokea kabla mfumo endeshi haujaanza kufanya kazi. Mistari au madoa yakionekana tangu hapo, kasoro ni ya vifaa. Yakianza baada ya mfumo endeshi kupakiwa, draiva au mipangilio ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kipimo cha tatu ni kupiga picha ya skrini kwa kitufe cha PrtSc, kuihifadhi kama faili, kisha kuifungua kwenye simu au kompyuta nyingine. Kasoro ikionekana hata huko, imetokana na programu, draiva au kadi ya picha. Isipoonekana, chunguza kebo na skrini. Kwa mwenye kompyuta mpakato, kuiunganisha na skrini nyingine au televisheni kwa kebo ya HDMI kunatoa jibu la namna hiyo hiyo.

Marekebisho yasiyogusa nyaraka

Anza na kebo. Katika kebo za zamani za VGA, rangi nyekundu, kijani na bluu husafiri katika pini tofauti. Pini moja ikipinda au ikilegea, rangi moja hupotea. Skrini inayogeuka kuwa ya njano ghafla huenda imekosa bluu tu. Kuchomoa kebo, kuinyoosha pini iliyopinda na kukaza skrubu zake huweza kumaliza tatizo.

Kwa wanaotumia Windows 10 au 11, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B huiwasha upya draiva ya picha. Skrini humemeteka mara moja na nyaraka zilizofunguliwa hubaki zilivyo. Mfumo huo pia una kinga yake wenyewe: kwa kawaida, kadi ya picha isipoitikia kwa muda wa sekunde 2, draiva huanzishwa upya bila kuizima kompyuta. Kwa hiyo, skrini kuzimika kwa nukta moja na kurudi si jambo la kuogofya. Likijirudia kila siku, hiyo ni dalili ya joto kali, vumbi kwenye feni, draiva isiyofaa au kadi inayochoka.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya kutumia projekta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kwani huenda picha bado inaelekezwa kwenye kifaa kilichokwisha ondolewa. Ikoni zote zikitoweka, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, nenda kwenye View na uhakikishe kuwa Show desktop icons imewekewa alama. Ikoni zimefichwa tu na faili zipo katika folda yake. Upau wa chini ukiganda au kupotea, fungua Task Manager kwa vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, chagua Windows Explorer, kisha Restart. Rangi zikigeuka ghafla kuwa nyeusi na za kung'aa sana, huenda ilibonyezwa kwa bahati mbaya Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na PrtSc, vitufe vinavyowasha mpangilio wa wenye uoni hafifu. Vibonyeze tena kuuzima.

Iwapo hitilafu ilianza baada ya sasisho, fungua Device Manager, nenda kwenye Display adapters, na katika sifa za kadi ya picha chagua Roll Back Driver ili kurudi kwenye draiva ya awali. Skrini isipoonesha kitu kabisa, kompyuta inaweza kuwashwa katika hali salama ya Safe Mode, ambamo mfumo endeshi hutumia draiva ya msingi pekee. Picha ikiwa nzuri katika hali hiyo, draiva ya kawaida ndiyo yenye kasoro.

Ziko dalili zinazotaka tahadhari ya haraka zaidi: diski kutoa sauti ya kugonga, faili kukataa kufunguka, au kompyuta kuganda mara kwa mara. Hapo usiendelee na majaribio ya skrini. Nakili kwanza nyaraka muhimu kwenda kwenye kifaa kingine, kwa kuwa kila dakika diski mbovu inapofanya kazi huongeza hatari ya kutosomeka tena.

Funzo la Julai 2024

Tarehe 19 Julai, 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike ya Marekani lilisababisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows kukwama katika skrini ya bluu. Safari za ndege ziliahirishwa, na huduma za benki na hospitali katika nchi mbalimbali zikatatizika.

Kwa aliyetazama kwa macho tu, kompyuta hizo zilikuwa zimekufa. Ukweli ni kwamba nyaraka zilikuwa salama ndani yake, na nyingi zilirejea kazini baada ya kuwashwa katika hali salama na kufutwa faili moja yenye kasoro. Aliyekimbilia kufuta diski alipoteza kile ambacho hitilafu yenyewe haikukigusa. Aidha, kazi hiyo ilichelewa mahali ambapo diski zilikuwa zimefungwa kwa usimbaji wa BitLocker na wahusika hawakuwa na ufunguo wa kurejesha karibu. Ufunguo huo una tarakimu 48. Kila mwenye kompyuta yenye ulinzi huo anapaswa kuuandika na kuutunza nje ya kompyuta, kwa sababu bila ufunguo huo diski haitafunguka hata kwa mwenye mali.

Nakala ya nyaraka na nakala ya mfumo

Nakala rudufu ziko za aina mbili, nazo hazichukuani nafasi. Ya kwanza ni nakala ya nyaraka: faili za maandishi, hesabu, picha na barua pepe zilizonakiliwa kwenda kwenye flashi, diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Hiyo huokoa kazi ya mtumiaji, lakini hairudishi programu wala mipangilio.

Ya pili ni taswira ya mfumo, yaani nakala ya diski nzima ikiwa na mfumo endeshi, programu, draiva, mipangilio na sehemu ndogo iliyofichwa inayoiwezesha kompyuta kuwaka. Taswira haipatikani kwa kunakili folda ya Windows kwa kipanya, kwa kuwa baadhi ya faili hufungwa wakati mfumo unafanya kazi, na sehemu ya kuwashia haimo katika folda hiyo. Windows 10 na 11 zina kifaa cha kutengeneza taswira ndani ya Control Panel, katika sehemu ya Backup and Restore. Clonezilla ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwa Windows na Linux.

Diski ya kupokelea iwe na nafasi inayozidi data iliyopo. Kompyuta yenye diski ya GB 256 iliyotumika GB 90 inahitaji zaidi ya GB 90 zilizo wazi. Kwa kifaa cha Windows, diski hiyo iwe katika muundo wa NTFS. Muundo wa FAT32, unaopatikana katika flashi nyingi, haupokei faili moja inayozidi GB 4. Tayarisha pia flashi ya kuwashia, ambayo kwa usimikaji wa Windows huanzia GB 8, ukikumbuka kuwa yaliyomo ndani yake yatafutwa. Taswira bila njia ya kuiwasha kompyuta iliyokwama ni sawa na ghala lililofungwa na ufunguo ukabaki ndani.

Ieleweke pia kuwa alama za urejeshaji za System Restore si nakala rudufu. Hurudisha mipangilio na draiva za siku zilizopita, lakini hazirudishi nyaraka zilizofutwa, na hukaa kwenye diski ileile inayoweza kuharibika.

Mahali pa kutunza nakala

Kanuni inayotumika duniani kote, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh wa Marekani, ni ya 3-2-1: nakala 3 za data, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo au duka, hiyo inaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na hifadhi ya mtandaoni au diski nyingine iliyowekwa mahali pengine.

Diski ya nje ichomolewe mara kazi ya kunakili inapokwisha. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilichofunga faili na kudai fedha kilienea katika nchi zaidi ya 150. Virusi vya namna hiyo huweza kufunga pia faili zilizomo katika diski iliyoachwa imechomekwa. Vilevile, nakala ijaribiwe. Angalau mara moja kila baada ya miezi michache, rejesha faili chache kutoka kwenye nakala na uzifungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Kompyuta ya ofisi, shule au zahanati hubeba taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa hizo kuzilinda dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoruhusiwa. Kwa sababu hiyo, nakala zenye taarifa za wananchi zifungwe kwa nenosiri, na watumishi wa umma wawasiliane na vitengo vyao vya TEHAMA badala ya kuhamishia nyaraka za ofisi kwenye flashi binafsi.

Mwananchi anayepeleka kompyuta yake kwa fundi anashauriwa kutunza nakala kwanza, kisha kuandika kwenye risiti ya mapokezi kuwa diski isifutwe bila ridhaa yake. Iwapo skrini haioneshi kitu na nakala haipo, amwombe fundi anakili nyaraka kabla ya matengenezo, ama kwa kutumia skrini nyingine, ama kwa kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nzima.

Utaratibu huo ni muhimu zaidi kwa sasa, kwa kuwa Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi zinahamishiwa kwenye mifumo mipya. Kila uhamisho wa namna hiyo ufuate mpangilio mmoja: nyaraka zinakiliwe, taswira ya mfumo itengenezwe, ufunguo wa kurejesha uandikwe, flashi ya kuwashia ijaribiwe, ndipo kazi ianze. Skrini, kebo na hata kompyuta nzima hununuliwa dukani. Daftari la wanachama lililojazwa kwa miaka kumi haliuzwi popote.