Kusoma Fedha na Kifaransa Ukiwa Nyumbani: Panga Karo na Saa Zako Kabla Muhula Haujaanza

Kila muhula unapoanza, tunaona pesa za karo zikipita kwenye mtandao wetu kutoka kila kona ya nchi. Nyingi hulipwa na wazazi. Lakini kuna wateja wanaojilipia wenyewe: muuza duka, karani wa bandarini, mwalimu, wakala wetu wa mtaani. Mchana wako kazini, usiku wanafungua kitabu. Hawa ndio wanafunzi wa masomo ya masafa, na makala haya tumeyaandika kwa ajili yao.

Leo tumechagua masomo mawili yanayoendana kuliko watu wanavyodhani: fedha na Kifaransa cha mwanzo. Tutaangalia kwa nini uyasome pamoja, jinsi ya kupanga karo bila kujinyonga na mikopo, na jinsi ya kuhakikisha pesa yako inafika mahali pake.

Kwa nini fedha na Kifaransa?

Jibu liko kwenye ramani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lugha ya serikali na ya makaratasi ya biashara huko ni Kifaransa. Burundi pia hutumia Kifaransa ofisini, na Rwanda bado wanakitumia.

Benki zetu zilishaliona hilo. Equity ilinunua hisa nyingi za benki ya BCDC ya Kongo mwaka 2020, na leo inaitwa EquityBCDC. KCB nayo ilichukua benki ya TMB mwishoni mwa 2022. Mizigo inayoteremshwa Mombasa hupita Malaba na Busia, na sehemu yake huishia Goma, Bukavu na Bunia. Tuseme wewe ni karani wa kampuni ya kupitisha mizigo pale Malaba. Mteja wa Goma anakutumia ankara, yaani facture. Ukijua hesabu lakini hujui lugha, au ukijua lugha lakini hujui hesabu, utaishia kumuuliza mtu mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa fedha anafaa kulijua mapema. Tangu 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara na mfumo mmoja wa uhasibu. Mizania yao, bilan, ina upande wa actif (mali) na upande wa passif (madeni na mtaji). Ukishaelewa mizania ya hapa nyumbani, hiyo haitakutisha.

Maneno yanayoweza kukula pesa

Wengi wetu tumesoma Kiingereza shuleni, kwa hivyo tukiona neno la Kifaransa linalofanana na la Kiingereza tunadhani tunalijua. Kwenye pesa, hapo ndipo mtego ulipo.

- Solde si kitu kilichouzwa. Ni salio, lile lile unalolitazama kwenye simu kila jioni.
- Caution kwenye mkataba si onyo. Ni dhamana, pesa unayoweka mbele.
- Avoir kwenye karatasi ya mauzo ni hati inayoonyesha kuwa muuzaji anakupunguzia deni, au anakurudishia.
- Échéance ni tarehe ya mwisho ya kulipa. Hili likariri wiki ya kwanza.
- Frais ni ada au gharama za ziada. Uliza kila mara zinalipwa na nani.

Kisha kuna namba. Sisi Wakenya tunaandika elfu mbili na mia tano hivi: 2,500. Kwenye Kifaransa, mkato ndio alama ya desimali. Kwa hivyo 2,500 kwao ni mbili na nusu, na elfu mbili na mia tano huandikwa 2 500,00 au 2.500,00. Mtu asiyejua hilo anaweza kusoma ankara ya dola elfu mbili na mia tano akaona dola mbili na nusu, au akatuma kinyume chake.

Matamshi nayo yana mambo yake. Ufaransani 97 husemwa quatre-vingt-dix-sept: nne mara ishirini, ongeza kumi na saba. Kongo, kwa sababu walifundishwa na Wabelgiji, husema nonante-sept, tisini na saba moja kwa moja. Na 70, ambayo Ufaransani ni soixante-dix, Kongo ni septante. Vitabu vingi vya chuo hufundisha namna ya Ufaransa. Jifunze zote mbili, maana mteja wa Goma akikupigia simu na kutaja bei, hatasubiri upige hesabu.

Somo moja linataka saa nzima, jingine linataka kila siku

Wanaoanza hukosea hapa. Wanapanga kusoma Jumapili tu, masomo yote mawili kwa mkupuo.

Fedha inaweza kukubali mpango huo. Mada kama thamani ya pesa kwa wakati, yaani kwa nini shilingi ya leo si sawa na ya mwakani, inahitaji ukae chini saa mbili au tatu na kalamu na kikokotoo bila kusumbuliwa. Ukiikatakata, unasahau ulikofika.

Kifaransa hakikubali. Lugha inataka nusu saa kila siku, hata ukiwa kwenye matatu na vipokea sauti masikioni. Ukikiacha siku sita, siku ya saba unaanza upya.

Piga hesabu kidogo. Nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa tatu. Muhula wa wiki 16 unakupa saa 48. Ngazi ya kwanza kabisa ya Kifaransa, inayoitwa A1, kwa kawaida huhitaji kati ya saa 60 na 100. Kwa hivyo usijilaumu muhula wa kwanza ukiisha bado unababaika. Jipe mihula miwili.

Ukitaka kipimo kinachotambulika nje ya chuo chako, kuna mtihani wa DELF A1, unaofanyika Alliance Française. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unapita kwa alama 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote, umeanguka hata kama jumla ni nzuri. Cheti chake hakiishi muda.

Sehemu inayowaangusha wanafunzi wa masafa ni kuzungumza, kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye. Tafuta mwenzako wa darasa mmoja tu, mtumiane ujumbe wa sauti kila jioni. Dakika mbili zinatosha: umekula nini, umetumia pesa ngapi, kesho unafanya nini.

Karo: ivunje ndogo ndogo

Sasa tuje kwenye mfuko. Tuchukue mfano wa muhula wa miezi minne, siku 120:

- Karo: shilingi 40,000
- Bando la intaneti, 1,000 kwa mwezi: shilingi 4,000
- Kuchapisha kazi na nauli ya kwenda kituo cha mtihani: shilingi 4,000
- Jumla: shilingi 48,000

Ukiitazama 48,000 kwa pamoja, unaweza kuahirisha masomo mwaka mzima. Ukiigawa kwa siku 120, ni shilingi 400 kwa siku. Si pesa kidogo, hatudanganyi, lakini sasa unajua unachopambana nacho. Anayepata kipato kila siku aiweke kila jioni kwenye akaunti ya akiba, kando na salio la matumizi. Anayelipwa mshahara atoe 12,000 siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya mambo mengine kujitokeza.

Vyuo vingi huruhusu kulipa kwa awamu, lakini kila awamu ina tarehe yake. Uliza mambo mawili kabla ya kujisajili: kiasi gani kinatakiwa ili ufunguliwe masomo, na kiasi gani ili upewe kadi ya mtihani. Kukosa kadi ya mtihani kwa sababu ya salio la shilingi elfu mbili kunauma, kwa sababu kazi yote ulishaifanya.

Mkopo wa haraka, hesabu ya polepole

Tarehe ikikaribia na pesa haijatosha, mkono unaenda kwenye mkopo wa simu. Tunautoa sisi na wengine, na una kazi yake. Lakini wewe sasa ni mwanafunzi wa fedha, kwa hivyo upige hesabu kama mwanafunzi wa fedha.

Chukua mkopo wa shilingi 10,000 wenye ada ya 7.5% kwa siku 30. Ukilipa mwezi ukiisha, umetoa 750 za ziada. Kwa dharura ya wiki mbili, huenda inafaa. Lakini ukishindwa na kuurudia kila mwezi kwa miezi minne, umelipa 3,000, na zile 10,000 bado unadaiwa zote.

Linganisha na mkopo wa sacco wa 10,000 kwa riba ya 1% kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Ukirudisha 2,500 kila mwezi, riba yako ni 100, kisha 75, kisha 50, kisha 25. Jumla 250, na deni limeisha.

Kwa hivyo mkopo wa simu ni wa kuziba pengo la siku chache. Karo ya muhula mzima itafutie njia nyingine: akiba, chama, sacco, au kuzungumza na chuo mapema.

Ukilipa chuo cha nje

Wengine hujiunga na vyuo vya nje, kama UNISA ya Afrika Kusini, ambayo imekuwa ikifundisha kwa masafa tangu 1946. Hapo karo inategemea bei ya pesa za kigeni. Mapema 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwanzoni mwa 2024 ilipanda hadi karibu 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 miezi michache baadaye. Karo ya dola 500 iliyokuwa kama 61,500 iligeuka kuwa kama 80,000 ndani ya mwaka, na somo ni lile lile. Ukipanga karo ya nje, ongeza akiba ya pembeni kwa ajili ya kupanda kwa dola.

Hakikisha pesa imefika kwako, si chuoni tu

Hili tunaliona mara nyingi. Mtu analipa Paybill sahihi ya chuo, lakini kwenye namba ya akaunti anaacha tarakimu moja ya namba yake ya usajili. Pesa imeingia chuoni, ila chuo hakijui ni ya nani. Mwanafunzi anafungiwa masomo huku ujumbe wa malipo uko kwenye simu yake.

Fanya hivi:

1. Chukua Paybill kutoka kwenye barua yako ya kujiunga au tovuti rasmi ya chuo. Usiichukue kwenye kundi la WhatsApp.
2. Nakili namba ya usajili kama ilivyo, pamoja na mikwaju na herufi zake.
3. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la chuo linalotokea. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo.
4. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho hadi uhitimu.
5. Baada ya siku mbili, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uone kama malipo yameonekana. Kama hayapo, peleka ujumbe wa uthibitisho kwa ofisi ya fedha ya chuo. Kama ulikosea Paybill kabisa, tupigie sisi papo hapo, usingoje kesho.

Na kabla ya yote, thibitisha kwamba chuo chenyewe kinatambulika. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ina orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa nchini. Humo utakuta Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopo Konza, kilichopewa hati yake Agosti 2023 na kinachofundisha kwa mtandao, pamoja na vyuo vya zamani kama Nairobi na Kenyatta ambavyo pia vina masomo ya masafa.

Matapeli wanajua kalenda ya masomo kama wewe unavyoijua. Msimu wa karo ukifika, utapigiwa simu na "ofisa wa udhamini" anayesema umepata nafasi ya kusoma Ufaransa, kilichobaki ni ada kidogo ya usajili kwenye namba yake. Mwingine atadai anakupunguzia karo ukimlipa yeye. Chuo hakipokei karo kwenye simu ya mtu. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako, hata kwa Kifaransa kizuri namna gani.

Wiki hii, kabla hujajaza fomu yoyote

Andika kwenye karatasi moja: karo yote ya muhula, tarehe za awamu, kiasi cha kila siku, saa zako za fedha na nusu saa yako ya Kifaransa. Ibandike mahali utakapoiona kila asubuhi. Kisha weka akiba ya siku ya kwanza leo jioni, hata kama muhula unaanza baada ya miezi miwili. Ukianza leo, siku 60 za 400 ni shilingi 24,000, nusu ya safari, na hujafungua kitabu bado.

Tunawatakia masomo mema. Bon courage!