Viashiria vya Damu na Utambuzi wa Sepsisi kwa Watoto Wachanga

Neno sepsisi lina asili ya Kiyunani, na maana yake ya awali ni kuoza. Katika utabibu wa leo, neno hili hutaja hali ya hatari ambamo mwili, ukipambana na maambukizi, hudhuru viungo vyake wenyewe. Tofauti hii si jambo dogo. Mama wa Kasha, katika komini ya Bagira mjini Bukavu, akiambiwa kwamba damu ya mwanawe "imeoza", aweza kukata tamaa kabla ya matibabu kuanza, ilhali mtoto aliyewahiwa huweza kupona.

Ugumu wa kwanza ni utambuzi. Katika siku 28 za mwanzo, mtoto mgonjwa hukataa kunyonya, hulegea, hupumua haraka, hupata homa au, kinyume chake, hupoa mwili. Dalili hizo hutokea pia katika maradhi mengine. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni kuotesha damu maabarani ili vijidudu vionekane. Hata hivyo, majibu huchukua siku moja, mbili au zaidi; aidha, damu ichukuliwayo kwa mtoto mchanga ni kidogo, hata vijidudu huweza kutoonekana ingawa vimo.

Hapo ndipo viashiria vya damu huhitajika. Kilicho mashuhuri ni protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa na Tillett na Francis mjini New York mwaka 1930. Hutengenezwa na ini, na huanza kupanda kiasi cha saa 6 hadi 12 baada ya maambukizi. Kwa hiyo kipimo cha mapema mno huweza kudanganya, na hufaa kirudiwe baada ya saa 24. Kiwango kinachozidi miligramu 10 kwa lita hutiliwa shaka. Lakini uzazi mgumu nao huweza kukipandisha. Kiashiria kingine ni prokalsitonini, ambayo uhusiano wake na maambukizi makali ulielezwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1993. Hupanda upesi zaidi, ila katika siku mbili za kwanza hupanda hata kwa mtoto mzima wa afya.

Kutokana na hayo, istilahi yafaa iteuliwe kwa uangalifu. Vipimo hivi ni viashiria, wala si vithibitisho: kitenzi kuashiria ni kuonyesha kwa ishara, na kuthibitisha ni kuondoa shaka. Mganga aonapo dalili za hatari huanzisha antibiotiki bila kungoja majibu. Viashiria vikibaki chini katika vipimo viwili, na damu iliyooteshwa isioneshe kijidudu, humsaidia kuamua kusimamisha dawa, ili vijidudu visizoee dawa hizo. Anayewafasiria wazazi majibu ya maabara akichanganya maneno haya mawili, wazazi huweza kumwondoa mtoto hospitalini kwa sababu ya namba moja iliyokuwa chini.